Jina la Fakhria Juu ya Sanduku

Watu wa Tabora wakitaka kukuudhi hawakutukani. Wanakusimamia mgongoni wakati unafanya kazi, kisha wanakueleza wao wangeifanyaje, na brashi yenyewe hawajawahi kuishika. Ndivyo alivyofanyiwa Mabruki asubuhi moja ya mwaka sabini na tatu pale stesheni. Treni ya Kigoma ilikuwa imeingia, abiria wamebanana na vikapu vya dagaa, wachukuzi wanapiga kelele za kuomba njia, naye yuko juu ya ngazi anaandika ukutani.

Alikuwa anaandika maneno ya kampeni ya afya: Chemsha maji ya kunywa. Hakuyaandika kwa zile herufi zilizosimama wima kama askari wa gwaride. Aliyaandika kwa mwandiko wake wa brashi, herufi zimelala kidogo upande, zimeshikana mikono, nene pale brashi ilipokanyaga na nyembamba pale ilipoinuliwa. Hakupiga mstari wala hakutumia rula. Mkono ulikwenda mara moja tu na neno likawa limekwisha.

"Shuka," sauti ilisema chini ya ngazi.

Aliyesema ni Kornel, mratibu wa kampeni ile mtaani, mtu wa suti ya kaunda na kalamu mfukoni.

"Shuka ufute. Haya ni maandishi ya baa."

"Ya baa kivipi, mzee?"

"Yamelala, yanacheza. Hili ni tangazo la serikali, si bango la dansi. Watu wa kisomo cha watu wazima wamefundishwa herufi zilizosimama, wewe unawaletea uhuni."

Mabruki alianza kushuka. Angefuta kweli, maana kazi ni kazi, lakini binti mmoja aliyekuwa anapokea mzigo wa shangazi yake alikwisha kusikia. Buibui lake lilikuwa limeangukia mabegani, ndani amevaa gauni la maua ya manjano, miguuni viatu vya visigino, na udi wa nyumbani kwao ulinukia juu ya harufu ya dagaa wa watu wote wale.

"Mimi nimeyasoma nikiwa kule ng'ambo ya reli," alisema. "Tena nimeyasoma mpaka mwisho. Yale ya wima mliyoandika sokoni nayapita kila siku na sijui hata yanasema nini."

"Binti, nani amekuuliza?"

"Na wewe umemuuliza nani kabla ya kumshusha mwenzio kwenye ngazi?"

Wachukuzi wakacheka. Kornel akasema atarudi na mkubwa wake, akaondoka, na hakurudi. Mimi watu wa namna ya Kornel hunikera mpaka leo. Wanadhani kitu kikipendeza basi hakiwezi kuwa cha maana.

Mabruki alifika chini. Alikuwa na nywele za afro, suruali ya bugaluu iliyojaa madoa ya rangi, na alishika brashi kwa mkono wa kushoto.

"Dada, umeniokoa."

"Sikukuokoa. Nimekasirika tu."

"Basi ukasirike mara kwa mara. Mimi Mabruki. Wewe unaitwa nani?"

"Fakhria."

"Nani?"

"Umesikia vizuri."

"Nimesikia. Nataka kulisikia tena, maana hiyo herufi ya kwanza ina kazi. Nikiiandika mimi, mkia wake utapita chini ya jina zima mpaka mwisho."

"Nani kakwambia nataka kuandikwa?" alisema Fakhria, akageuka na mzigo wake. Lakini alicheka, na Mabruki alimwona anacheka.

Fakhria alikuwa opereta wa simu. Siku zile ukitaka kuzungumza na Mwanza au Dar es Salaam sharti upitie kwake. Alikaa mbele ya swichibodi na spika masikioni, anachomeka waya huku na kuuchomoa kule. Mabruki alikwisha kuujua ukweli huo siku ya pili yake, na duka la Popatlal lilikuwa na simu, na jina la duka la Popatlal alikuwa ameliandika yeye.

"Namba tafadhali."

"Namba nimeisahau."

"Sasa nikuunganishe na nani?"

"Na mwenye sauti hii."

"Mwenye sauti hii yuko kazini. Kuna watu wa Dodoma wanasubiri."

"Na wasubiri. Mimi nimesubiri tangu jana."

"Mabruki, nitakukatia."

"Kata, laazizi. Nitapiga tena."

"Bwana Mabruki," Popatlal alisema kutoka nyuma ya meza, "simu hii ya biashara, si ya kuchekea." Lakini hakumfukuza. Tangu jina lake liandikwe upya kwa ule mwandiko, watu walikuwa wanaingia dukani kumwamkia hata siku ambazo hakuwa na sukari ya kuwauzia.

Acheni niseme kuhusu mwandiko ule, kwa sababu umedharauliwa vya kutosha. Nenda leo kwenye hoteli ya chai ya Gongoni, kwa kinyozi wa Isevya, kwa fundi cherehani, tazama ubao wa nyuma wa malori ya Igunga, tazama ngoma kubwa ya bendi ya dansi. Kote huko unataka mtu aingie bila kuogopa, na herufi zilizosimama wima hazimwiti mtu, zinamwamrisha. Mabruki alijua tofauti. Alipopewa kibao cha hospitali aliandika wima, rula mkononi, kwa sababu mgonjwa hataki kuchezewa. Lakini pale panapouzwa chai aliiachia brashi ijiendee yenyewe, na mpita njia aliona ameitwa na mtu anayemfahamu.

Basi wakapendana, hakuna haja ya kuzunguka. Jioni Fakhria akitoka kazini walitembea pamoja, yeye na visigino vyake, Mabruki na viatu vyake vya raizoni vya soli nene, mpaka kona ya Gongoni. Hapo Mabruki alisimama. Siku moja alimpa karatasi nene aliyoiandika jina lake kwa brashi, rangi nyekundu. Mkia wa herufi ya kwanza ulishuka, ukapita chini ya jina zima, ukaishia kwenye ua dogo.

"Hivi humwandikii mtu mwingine?" Fakhria aliuliza.

"Nimwandikie nani?"

"Nauliza tu."

"Mkia huu ni wako peke yako, mpenzi."

Fakhria aliibandika karatasi ile ndani ya mlango wa kabati la nguo, akawa anaitazama kila asubuhi anapovaa.

Sababu ya Mabruki kusimama konani ilikuwa mzee Humaidi, baba yake Fakhria, aliyekaa barazani kila jioni na kahawa yake. Mzee alifanya biashara ya asali na nta. Babu yake alitoka Omani, akapanda na misafara kutoka pwani, akajenga Tabora. Babu yake Mabruki alikuwa mchukuzi katika misafara hiyo hiyo. Na jina lenyewe, Mabruki, katika nyumba zile za zamani lilikuwa jina la watu wa uani, watumwa walioitwa kwa kupigiwa makofi. Nchi ilikuwa imepata uhuru, Azimio limetangazwa, watu wanaitana ndugu mchana kutwa mikutanoni, na jioni wanarudi barazani kuulizana babu wa nani alimbebea nani mzigo. Mimi jambo hilo likinijia nashindwa hata kula.

"Lete wazee, Mabruki," Fakhria alimwambia pale konani.

"Wazee wangu watarudishwa mlangoni."

"Na warudishwe. Nijue umejaribu."

"Nipe muda. Natafuta maneno ya kumwambia mzee."

"Wewe? Mji mzima umejaa maneno yako."

"Yale ni ya watu, Fakhria. Wananiambia niandike nini, nami naandika."

"Basi nami nakwambia. Lete wazee."

Mabruki aliitika, na hakuwaleta. Mwaka ukapita.

Sasa nifike kwenye sanduku. Mjini Tabora kijana akiposa katika nyumba za namna ile alipeleka sanduku la bati, limepakwa rangi na maua, ndani mna kanga, viatu, mafuta na udi, na juu ya kifuniko limeandikwa jina la mwari. Sanduku likipokelewa na kufunguliwa, neno limekwisha. Fundi bati wa sokoni alitengeneza masanduku, akaandika majina kwa chaki ili asisahau, kisha akamwita Mabruki ayaandike kwa rangi. Siku hiyo yalikuwa yamepangwa matatu: la Mwamvita, la Benedikta na la Fakhria.

Hapa ndipo ninapomkasirikia Mabruki. Mwanamume mzima, unaona jina la mtu unayempenda juu ya sanduku la posa, huulizi ni la nani? Hakuuliza. Alijiambia kwamba akina Fakhria mjini ni wengi, akaona raha tu kwamba leo atalipwa kwa kuliandika jina lile. La Mwamvita aliliandika upesi, la Benedikta upesi. La Fakhria aliliandika polepole na kwa moyo wote, mkia ukapita chini, ukaishia kwenye ua.

Ijumaa baada ya sala sanduku lile lilishushwa nyumbani kwa mzee Humaidi kwa vigelegele. Shangazi Semeni, dada mkubwa wa mzee, aliliingiza chumbani kwa Fakhria, akafunga mlango. Desturi ya nyumba ile ilikuwa kwamba jina la mposaji halitamkwi mbele ya binti, na binti anayeuliza anaonekana hakufunzwa adabu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Sanduku umeliona?"

Fakhria alikuwa ameliona, na macho yake yalikuwa hayabanduki pale juu ya kifuniko.

"Nimeliona."

"Baba yako ameridhika na mwenyewe. Anasema ni kijana anayejituma, mikono yake haijui uvivu."

"Baba kasema hivyo? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake. Nataka jibu nimpelekee."

Mwari akiulizwa hivyo huinama, na kuinama ndilo jibu. Fakhria hakuinama. Moyo wake ulikuwa unamwambia kwamba baba amekwisha kuacha yale mambo ya babu wa nani, na kwamba asipojibu haraka mzee atabadili mawazo.

"Nimekubali," alisema. "Mwambie nimekubali, shangazi, hata ikiwa leo."

"Punguza sauti, watu wako ukumbini," Semeni alisema, akiwa anacheka kwa mshangao. Akafungua sanduku.

Kesho yake asubuhi, Fakhria alipokaa tu mbele ya swichibodi, alichomeka waya wa kwanza kwenye namba ya Popatlal.

"Mabruki, mpenzi, ahsante."

"Ahsante ya nini, laazizi?"

"Usijifanye. Limefika, limefunguliwa, na nimekubali. Baba mwenyewe amekubali. Umewezaje?"

"Fakhria, kimefika nini?"

"Sanduku."

Fakhria alisikia Popatlal akimpimia mtu kitambaa upande ule wa pili.

"Mabruki?"

"La kijani? Lina maua pembeni?"

"Unaniuliza mimi? Si umeliandika mwenyewe?"

"Nimeliandika. Lakini si langu. Ilikuwa kazi ya watu."

"Kazi ya watu."

"Sikujua kwamba ni wewe. Nilidhani ni Fakhria mwingine."

"Na huyo Fakhria mwingine unamwandika hivyo? Na ule mkia, na ua? Si ulisema ni wangu peke yangu?"

"Nisikilize kwanza. Umekubali kuolewa na nani?"

Fakhria alifungua kinywa amjibu, akagundua kwamba hajui. Alichomoa waya. Taa za swichibodi ziliwaka, Dodoma wanaitaka Mwanza, Mwanza wanaitaka Kigoma, naye hakugusa hata moja.

Jioni aliivunja desturi, akamuuliza shangazi. Semeni akamtajia. Mwenye sanduku alikuwa Ghalibu wa Igunga, mfanyabiashara wa mpunga mwenye malori, kijana wa ukoo unaojulikana. Ndoa itafungwa mwisho wa mwezi.

Jumatatu Mabruki alimngoja nje ya nyumba ya simu. Fakhria alitoka na buibui limebanwa mpaka kidevuni, akapita bila kumtazama. Mabruki akamfuata.

"Mimi nimekosa kuandika bila kuuliza," alisema. "Na wewe umekosa kukubali bila kuuliza."

"Usinifananishe na wewe. Mimi nilifungwa na desturi. Wewe ulifungwa na nini?"

"Ulijuaje kwamba ni langu?"

"Uliza tena hilo swali."

"Fakhria, baba yako angelipokea sanduku langu? Kweli? Ulikaa ukaamini?"

Fakhria alisimama katikati ya njia. Mwenye baiskeli alimkwepa akilalamika.

"Niliamini kwa sababu nilidhani umekuja. Nilidhani umevaa kanzu, umewachukua wazee wako, umesimama mbele ya baba yangu, ukasema. Mwaka mzima nakuomba jambo hilo hilo. Nikaliona jina langu pale, nikasema, Mabruki ni mwanamume, amekwenda. Kumbe ulikuwa umechuchumaa kwa fundi bati unanipamba kwa ajili ya mwenzio."

"Hayo maneno ni makali."

"Yachukue hivyo hivyo."

Akaenda zake. Mabruki aliumia, na akiumia huwa anakasirika. Wiki nzima alizunguka mjini akijiambia kwamba ameonewa, kwamba yeye ni fundi na fundi haulizi kazi ni ya nani. Alijiambia mara nyingi sana, kwa sababu mwenyewe hakuwa anayaamini. Wiki ile ile alipewa ubao wa hoteli auandike Karibu, akaufuta na kuurudia, akaufuta tena, mwisho mwenye hoteli akasema basi inatosha. Mwandiko ule hauwezi kuandikwa na mtu aliyekaza mkono, unamsema papo hapo.

Fakhria hakumngoja. Aliona siku zinakwisha, nyumbani wanachambua mchele wa karamu, na kwamba hakuna atakayemtoa ila yeye mwenyewe. Asubuhi moja, simu zilipotulia, alijiunganisha na Igunga kwenye mashine ya mpunga.

"Naam, Ghalibu hapa."

"Mimi ni Fakhria binti Humaidi."

Ghalibu alishtuka. Mwari hampigii simu bwana harusi.

"Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Kuna kosa, na ni langu." Akamweleza lote, bila kujitetea.

"Ngoja," Ghalibu alisema. "Unaniambia uliridhika na maandishi?"

"Ndiyo."

"Ya juu ya kifuniko."

"Ndiyo."

"Na mimi niliyenunua vilivyomo ndani?"

"Sikukujua. Hakuna aliyenitajia jina lako, nami sikuuliza. Nisamehe."

"Nimeualika mji mzima wa Igunga, bibie. Nitawaambia nini? Kwamba nimeshindwa na mpaka rangi?"

"Sema lolote litakalokulinda, nitalikubali. Lakini siku ya ndoa shekhe atakuja mlangoni kuniuliza kama nimeridhika nawe, na nitasema hapana, watu wote wanasikia. Nimeona nikwambie wewe kwanza kwa heshima yako."

Fakhria alimsikia akihema. Mashine ya mpunga ilikuwa inanguruma nyuma yake.

"Huyo mwandishi yuko wapi?" Ghalibu aliuliza.

"Hatusemeshani."

"Sikukuuliza kama mnasemeshana. Nimekuuliza yuko wapi."

Jumapili mchana lori lilisimama Isevya mbele ya kibanda cha kinyozi. Aliyeshuka alikuwa mtu mrefu, kanzu yake imejaa vumbi la njiani na uso umekunjamana. Mabruki alikuwa amepiga magoti mbele ya ubao.

"Wewe ndiye Mabruki?"

"Ndiye."

"Uliandika sanduku langu?"

Mabruki alisimama. Alijua ni nani bila kuambiwa.

"Niliandika."

"Uliliandika vizuri mno," Ghalibu alisema. "Ningekupiga, ila safari ndefu imenipunguzia. Nakwenda kwa mzee Humaidi kuchukua mali yangu. Wewe yule binti unamtaka au humtaki?"

"Namtaka."

"Ulipata kumwambia baba yake?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Mabruki alifikiria yale majibu yake yote, akaona aibu.

"Niliogopa," alisema.

"Basi panda."

"Nguo zangu zina rangi."

"Ndugu yangu, mimi nimeachwa na mchumba kwa simu. Panda."

Mzee Humaidi alikuwa barazani. Aliona lori, akaona mkwewe mtarajiwa anashuka, akatabasamu, kisha akamwona anayeshuka nyuma yake na tabasamu likaondoka. Ghalibu aliamkia, akaitikiwa, akasema kwa adabu kwamba amekuja kuchukua sanduku, kwamba binti hakumridhia na yeye haoi mtu asiyemtaka.

"Nani kakwambia hakuridhia?" mzee aliuliza.

"Mimi, baba," alisema Fakhria. Alikuwa amesimama mlangoni, na shangazi Semeni nyuma yake.

"Wewe ulikubali. Semeni shahidi."

"Nilikubali nikidhani ni mtu mwingine. Mwandiko ulikuwa wake."

Mabruki alisogea mbele. Mikono yake yenye rangi aliifunga nyuma.

"Shikamoo, mzee. Mimi ndiye huyo mtu mwingine. Nilipaswa kuja mwaka jana na wazee wangu. Sikuja kwa sababu nilijua utakalosema, nikaogopa kulisikia. Leo nimekuja uliseme mbele yangu. Namtaka Fakhria kwa ndoa. Ukinirudisha nitaleta wazee, na ukiwarudisha watakuja tena."

Mzee Humaidi aliweka kikombe chini.

"Babu yako alibeba meno ya tembo ya babu yangu kutoka Ujiji mpaka hapa, kichwani. Leo wewe unataka umbebe binti yangu?"

Ghalibu aligeuka pembeni kana kwamba ametukanwa yeye. Mabruki hakuondoka. Fakhria alitaka kusema, lakini mkono wa shangazi yake ulimshika bega na kumweka kando. Bibi Semeni alitoka barazani mbele ya wanaume, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maisha yake yote.

"Humaidi, mama yetu alikuja na msafara upi?"

"Dada, kuna wageni."

"Acha wasikie. Wewe ulikuwa mdogo alipokufa, mimi ndiye niliyemuuguza, na akanieleza mimi. Mama yetu alichukuliwa Manyema akiwa mtoto. Alitembea kwa miguu kutoka Ujiji mpaka hapa nyuma ya wachukuzi wa meno. Akanunuliwa kwa vitambaa. Baba akamweka ndani awe suria wake, mama akanizaa mimi, akakuzaa wewe. Babu yake huyu kijana alibeba mzigo akalipwa ujira, na alipochoka aliutua akarudi kwao. Mama hakuwa na kwao pa kurudi. Sasa niambie, Humaidi, katika baraza hii nani wa kumshusha mwenzake?"

Barabarani watu walikuwa wanapita na mizigo yao. Mzee Humaidi alikuwa anatazama miguu yake.

"Umenisema mbele ya watu," alisema mwisho, kwa sauti ndogo.

"Wewe ulianza mbele ya watu."

Fakhria alikuwa ameegemea nguzo ya mlango. Kila mwaka nyumba ile ilimsomea hitima mama huyo wa baba yake, wali unapikwa, udi unafukizwa, anatajwa kwa heshima zote, na hakuna aliyewahi kumwambia alifikaje Tabora. Hasira aliyokuwa nayo kwa Mabruki ilikuwa kubwa, lakini hii ilikuwa kubwa kuliko ile, na machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta.

"Lete wazee wako," mzee Humaidi alimwambia Mabruki, bila kuinua uso. "Siku yoyote. Watapokewa." Akainuka, akaingia ndani, akiwa anashika ukuta.

Ghalibu alibeba sanduku lake mwenyewe mpaka kwenye lori. Mabruki alimsaidia kulipandisha, wakapeana mikono, na lori likaondoka. Mabruki aliporudi, Fakhria alikuwa bado pale pale mlangoni.

"Umesikia baba alivyosema?" Semeni alimuuliza. "Furahi basi."

"Nimesikia. Baba amejibu na wewe umejibu. Mimi hakuna aliyeniuliza."

"Nakuuliza mimi," Mabruki alisema.

"Bado nimekukasirikia."

"Najua. Ukasirike ukiwa kwangu. Utaolewa na mimi?"

"Na nani? Sema jina, shangazi asikie, na wale wanaopita pale wasikie."

"Na Mabruki, mjukuu wa mchukuzi wa meno ya tembo."

Fakhria alipangusa uso wake kwa kiganja, akatoka kizingitini, akasimama barazani pale alipokuwa amekaa baba yake.

"Na mimi ni Fakhria, mjukuu wa mwanamke aliyenunuliwa kwa vitambaa," alisema, na sauti yake ilifika barabarani. "Nimekubali."